Kiapo cha Shangazi juu ya Nyumba Tupu

Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, najibu Kondoa. Anayeuliza akiwa naye ni wa Kondoa, nasema upande wa Chemba. Akiwa wa Chemba, naanza kuzungumzia bei ya mahindi. Nilijifunza kukwepa hivyo nikiwa sekondari, katika bweni lililojaa watoto wa mjini, na nimeendelea kila nilikopita: kwenye mashamba ya miwa, kwenye machimbo ya dhahabu, kwenye chumba nilichopanga Area D, Dodoma, na sasa katika soko la Kibaigwa, ambako nawatafutia matajiri mahindi na kupata changu kidogo.

Kwetu ni Mahame. Si jina la kutamkia watu. Mahame ni mahali palipohamwa, palipoachiwa nyasi na panya, na hivyo ndivyo petu palivyohesabiwa tangu kabla sijazaliwa. Wakati huo watu wa makorongo yale waliambiwa wahamie kijiji kikubwa kilichopangwa kando ya barabara. Lori lilikuja likabeba watu, vinu, kuku na hata boriti za mapaa. Nyumba zetu za tembe, ambazo mapaa yake ni udongo uliotandazwa juu ya fito, zikabaki kuta tupu zinazotazama jua.

Lakini wazee hawakukaa barabarani. Walirudi mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Babu yangu alirudi kuangalia mizinga yake. Nyuki, alisema, hawakupanda lori. Mwingine alirudi kwa kuwa mbuzi wake walikuwa wakitoroka kila jioni kwenda kulala kwenye zizi la zamani, na mtu hawezi kushindana na mbuzi. Bibi mmoja kikongwe aliomba arudishwe afie kwao. Akarudishwa, halafu hakufa, akaishi miaka mingi, na wajukuu wakalazimika kumfuata kumpikia. Hakuna aliyetangaza kwamba amehamia. Kiongozi akipita, babu alisema yeye anaishi barabarani, amekuja mara moja tu kutazama mizinga. Kule barabarani alikuwa kweli na kibanda chenye mlango na kufuli, na ndani yake hapakuwa na hata figa moja.

Mimi nilizaliwa Mahame wakati Mahame haikuwepo. Nimekua nikiwaona watu wazima wakiulizwa wanakaa wapi wanajibu kwa kuelekeza kidevu upande wowote. Hatukuwa kijiji, wala kitongoji cha kijiji chochote. Tulipiga kura kwa watu, tukatibiwa kwa watu, na tukasomea kwa watu, tukienda na kurudi kwa miguu na vumbi jekundu mpaka magotini. Nyumbani tulisema Kirangi; Kiswahili tulikuwa tunakitoa wageni wakija, kama mkeka mpya. Chetu hasa kilikuwa msikiti mdogo wa udongo wenye bati juu, makaburi yetu, na mto wa mchanga ambao masika hupita na maji siku chache, kisha mwaka mzima kina mama hufukua mchanga kutafuta yaliyojificha chini.

Hayo nayasema ili ieleweke shangazi yangu aliapa mahali pa namna gani.

Shangazi ni dada wa baba, na ndiye aliyebaki. Baba na mama wamelala makaburini pale, dada yangu ameolewa Babati, na nyumba yetu ilikuwa imefungwa kwa waya mlangoni kwa miaka mingi. Shangazi aliifagia kila Ramadhani ilipokaribia. Mwanawe, binamu yangu, ndiye aliyepanda juu kila mwaka kabla ya mvua kukandika udongo mpya paani, maana tembe lisipokandikwa huanguka. Mimi nilikuwa nikituma salamu. Shangazi huniita baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake, na sijawahi kuzoea kuitwa baba na mtu aliyenibeba mgongoni.

Watu wote wa pale humwogopa kidogo, si kwa ukali, bali kwa ukweli wake. Hasemi uongo hata ule mdogo wa kuwapoza watu. Mwanamke akimwonyesha mtoto mchanga asiye mzuri, shangazi husema ana afya. Ng'ombe akipotea na watu wakashukiana, shangazi huulizwa alichoona, na akishasema mazungumzo huisha.

Basi binamu alinipigia simu nikiwa Kibaigwa. Alisema wilaya imekubali kuja kuitazama Mahame, kuona kama inafaa kuwa kitongoji. Kikipatikana kitongoji kitachimbiwa kisima kirefu chenye pampu, kama vingine vilivyochimbiwa. Tatizo ni kwamba nyumba zenye watu hazitoshi. Nyingine zina kuta na paa lakini wenyewe wako Dodoma, wako Arusha, wako huko tulikotawanyika.

"Kwa hiyo mnataka nini?" nikamuuliza.

"Njoo uwashe moto kwa baba yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka, ingawa kwa kawaida sisi mabinamu hatuongei bila kutaniana. Akasema goti la mama yake limeharibika, anashuka mtoni kwa kukaa na kujiburuta, na anarudi na dumu kichwani akipumzika kila kwenye kivuli. Pampu ikija, itakuwa karibu na msikiti, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Nikapanda basi.

Nilifika jioni. Shangazi aliketi nje anachambua mlenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anavyofanya kila mara, na kuniuliza habari za huko kote. Kuhusu moto hakusema kitu mpaka tulipokwisha kula. Ndipo akasema amesikia wanaume wamepanga la kupanga, na kwamba yeye jiko lake litawaka saa yake ya siku zote. Ya wengine hayajui. Hakutukataza. Nadhani aliyataka yale maji kuliko sisi sote, na ndiyo sababu hakutaka kutia mkono.

Asubuhi tulifungua nyumba zilizofungwa. Ya kwetu ilinuka popo na udongo mkavu. Nilitandika mkeka wa kuazima, nikaning'iniza shati langu kwenye msumari, nikaweka sufuria ya binamu juu ya mafiga ya mama. Niliwasha moto kwa kuni mbichi kidogo, na moshi, badala ya kutoka, ukanigeukia. Nilikaa mle nikitokwa machozi, nikiwa na umri wangu huu, nikiigiza kuishi katika nyumba niliyozaliwa.

Tulikosea jambo ambalo mtu yeyote wa Mahame angelijua kama angefikiri kidogo. Wageni walikuja saa nne. Kiangazi, saa nne, hakuna nyumba ya pale yenye moto. Uji umeshanywewa alfajiri, chakula ni cha alasiri, na kuni hatuchezei. Lakini asubuhi ile Mahame nzima ilikuwa inatoka moshi kila paa, hata nyumba za watu waliokuwepo kweli, maana nao waliogopa wasije wakahesabiwa hawapo.

Afisa alikuwa binti, umri wa kuwa mwanangu, amevaa raba zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi. Alimwamkia kila mtu mzima shikamoo, akisimama kidogo mbele ya kila mmoja. Alikuja na mtendaji wa kijiji kikubwa, mtu mnene mcheshi ambaye hakuwa na haraka ya kutuona tukijitenga na kijiji chake. Binti akatazama ule moshi, akauliza kama kuna sherehe.

Mzee mmoja akajibu kwamba tunafukiza mbu.

"Mbu wa kiangazi, babu?" mtendaji akasema. "Hawa wa kwenu wanakunywa nini, vumbi?"

Watu walicheka, na binti naye alicheka kwa kuficha mdomo. Hata hivyo alipita kila nyumba. Aliingia, akatoka, akashukuru. Alipofika kwetu nilikuwa nimesimama mlangoni na macho mekundu. Akaniuliza kama ninaishi hapo. Nikasema ndiyo, ni kwa marehemu baba, naishi hapa.

Mtendaji akaniangalia kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekutana na rafiki safarini.

"Huyu namjua," akamwambia binti. "Huyu ni wa Kibaigwa. Msimu uliopita alinunua mahindi yangu, na akanilalia kwenye bei kweli kweli."

Nikasema naenda na kurudi. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka. Watu wote wa Mahame walikuwa wametuzunguka. Binamu alikuwa anatazama alama za kwato za ng'ombe ardhini kama vile zina habari mpya. Binti afisa hakutaka kuniaibisha, hilo niliona. Aligeuka kando, akamwona shangazi ameketi kwenye kigoda kivulini mwa ukuta wetu, akauliza kwa upole nani anaweza kulieleza vizuri.

Mtendaji akajibu, bila ubaya wowote, "Mwulize huyo mama. Huyo hasemi uongo. Akisema anaishi, mimi sina neno."

Shangazi aligeuza kichwa kwangu. Alinitazama. Nimeufikiria sana mtazamo ule, na sidhani nakosea. Hakuwa anatafuta la kusema. Alikuwa ananipa nafasi. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, mwanangu, samahani, nimekuja jana kuwasaidia wenzangu. Pengine binti angecheka tena na kuficha mdomo, na pengine angetusaidia. Mimi nikainama nikatazama raba zake.

"Anaishi humu," shangazi akasema. "Ni nyumba ya kaka yangu, na huyu ndiye mwenyewe. Wallahi nyumba hii ina mtu."

Binti akashukuru, wakaendelea mbele.

Hakuna aliyemsogelea shangazi baada ya pale. Wanaume walikwenda kuwasindikiza wageni, wanawake wakaenda kuzima mioto. Nilijaribu kumshika mkono ainuke kwenye kigoda, akajishikilia ukutani akainuka mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea chai, akasema niiweke. Ilipofika adhuhuri ilikuwa pale pale na nzi juu yake. Nikamwuliza binamu kama mama yake anaumwa.

"Amefunga," akasema.

"Amefunga nini, na Ramadhani bado?"

"Kafara yako." Kisha, kwa kuwa hakuweza kuacha, akaongeza, "Kula tu wewe, msafiri hajalazimishwa saumu."

Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa, ambaye ndiye anayetuswalisha. Alinieleza kama anavyowaeleza watoto. Aliyeapa uongo kwa jina la Mungu hulisha maskini kumi, na asiye na uwezo hufunga siku tatu. Nikamwambia mimi ninao uwezo kidogo, nitanunua mbuzi, nitawalisha maskini kumi leo hii, shangazi afungue. Mwalimu akachezea ndevu. Alisema kupata maskini kumi Mahame si kazi, hata yeye yumo. Lakini kafara ni ya aliyetamka, na aliyetamka hana mbuzi, na hajaomba mbuzi wa mtu.

Hata hivyo nilimwendea shangazi nikamwambia. Alikuwa anarudi mtoni. Joto lilikuwa la kiangazi, midomo imemkauka, dumu kichwani. Nilipolipokea hakukataa. Alisikiliza habari ya mbuzi mpaka mwisho.

"Mdomo ni wangu, baba," akasema. "Nimeutumia mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini aliapa. Kama ni maji, yangetafutwa kwa njia nyingine. Akasimama kupumzisha goti.

"Maji gani? Ningekuacha uvuliwe nguo mbele ya watu, mlangoni kwa kaka yangu?"

Siku ya tatu lori la chumvi lilikuwa linapita kuelekea barabara kuu, na dereva alisema hangoji. Kibaigwa walikuwa wameshanipigia simu. Ningeweza kungoja jua lizame nifuturu naye saumu yake ya mwisho, nipande pikipiki kesho yake. Sikungoja. Niliaga nikiwa nimesimama, yeye ameketi na midomo yake mikavu, akaniombea safari njema, na nikapanda juu ya magunia.

Kitongoji kilikubaliwa. Binamu alinitumia picha ya mashine ya kuchimbia ikitoa tope jeupe, watoto wameshika masikio. Baadaye akatuma picha ya pampu yenyewe, ya mkono, imejengewa sakafu ya saruji. Maji yana chumvi chumvi, alisema, lakini ni maji. Kila aliyenitumia salamu kutoka kwetu aliniambia hongera, kana kwamba nilikuwa nimefanya kitu.

Nilikwenda baada ya mvua. Asubuhi ya kwanza nilikaa nje kwa shangazi nikitazama watu wakipiga pampu. Wasichana walikuwa wanabishana zamu. Kisha nikamwona shangazi anatoka na dumu lake. Nikainuka nimchukulie. Akapita kando ya sakafu ya saruji, akasalimiana na wasichana, akawauliza habari za mama zao, na akaendelea kushuka korongoni kuelekea kwenye mchanga.

Binamu aliniambia haya ndiyo yamekuwa maisha. Wamemsihi, wamemchotea, akimiminiwa kwenye mtungi hayanywi, anawapa kuku. Mwalimu amekuja na kitabu kumwonyesha kwamba kafara imekwisha, hana deni kwa Mungu. Yeye amejibu kwamba hilo la Mungu analijua. Yaliyobaki ni ya nyumba. Maji yaliletwa kwa kuwa nyumba zina watu, na nyumba aliyoiapia haina mtu.

"Mwalimu anasoma," shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyetamka."

Wala hakumkataza mtu mwingine kunywa. Aliwaambia ni halali yao, kila mtu na jiko lake. Hilo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mwanamke mwenye goti bovu anashuka korongoni mbele ya macho ya watu wanaopiga pampu, na watu hao wakishamwona anapita wanageuka kuniangalia mimi.

Nikasema nitakaa. Sikumwambia kwa maneno mengi. Nilinunua godoro Kondoa, nikaliingiza kwenye nyumba yetu, nikatoa popo, nikaziba matundu ya panya. Shangazi alikuja kusimama mlangoni, akatazama godoro, akatabasamu kidogo. Lakini kesho yake alishuka tena mtoni. Nilipomwuliza alisema kukaa si kulala, nimwache kwanza aone.

Nilikaa. Nataka kusema ukweli kuhusu kukaa kule. Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha kama mtoto. Niliamka na milio ya kwale, nilikula ugali wa uwele na mlenda mpaka nikaota kitambi, nilikaa na wazee wakanieleza tena habari za mizinga ya babu. Nilipokuwa mbali, vitu hivi ndivyo nilivyokuwa navikumbuka nikalia. Wiki ya tatu nilianza kupanda juu ya kichuguu kila jioni kutafuta mtandao wa simu. Nilijikuta nasikiliza malori ambayo kutoka pale hayasikiki. Binamu aliona. Siku moja alinikuta kichuguuni akasema mbuzi mwenye tabia hiyo tungemfunga kamba.

Msimu wa mahindi ulipoanza nilimwambia shangazi nakwenda Kibaigwa, nitarudi mavuno yakipungua.

"Utakuwepo Ramadhani?" akauliza.

"Inshallah, shangazi."

"Usinipe inshallah ya kwenye basi."

Alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka. Godoro nililiacha, na shati kwenye msumari, ili ionekane. Ramadhani ilinikuta Singida, kwenye vitunguu. Binamu akaniambia kwamba sasa nalala pale mara moja moja kwa mwaka kama bundi, ila bundi hakuna anayemhesabu kuwa kaya.

Kisha, mwaka uliofuata, nikapigiwa simu. Nilikuwa katikati ya soko, malori mawili yanageuza, wapagazi wanapiga kelele za kupishwa. Alikuwa shangazi, kwa simu ya mwanawe. Ni nadra apige, na huongea na simu kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya korongo. Baada ya salamu zote alinieleza kwamba amekuja mjane kutoka upande wa Hanang, ana watoto na mzee, baba wa marehemu mume wake. Walikuwa wamelala msikitini siku kadhaa. Ni watu wa heshima. Hawana pa kukaa. Yeye shangazi hawezi kuitoa nyumba ya kaka yake kwa mtu bila mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, kwa hiyo ananiuliza. Si kwa kulala tu. Wakae, walime kiwanja, wazike hapo wakifiwa. Nikitaka kurudi, nyumba haitakuwa tena...

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Nakumbuka kwamba nilijisikia mwepesi. Mzigo nilioubeba kuanzia siku ile ya moshi ulinitoka pale pale kati ya magunia, na nikamwona mpagazi akipita nikamtania kwa jambo lolote. Nilidhani mtandao umekatika.

"Umekubali haraka," shangazi akasema.

Nikaanza kueleza kwamba ni thawabu, kwamba mjane, kwamba yatima. Akasema ndiyo, ni kweli, Mungu anilipe, na akamrudishia mwanawe simu. Ule wepesi wangu ndio ninaouonea haya kuliko yote, kuliko moshi, kuliko kutazama raba, kuliko lori la chumvi. Kwa yale mengine naweza kusema niliogopa, au nilikuwa na haraka. Siku ile niliulizwa mara moja, kwa heshima, kama bado nina kwetu, na nilifurahi kupata wa kumpa.

Nimekwenda mara moja tangu wakati ule, Ijumaa moja ya hivi karibuni. Mjane alikuwa anakandika ukuta wa nyumba kwa mikono yake, udongo mpaka viwikoni, ukuta umenyooka kuliko ulivyokuwa wakati wa mama. Alinyoosha mgongo, akanikaribisha kama mgeni, akamtuma binti yake aniletee kigoda, nami nikashukuru. Hakuna aliyemwambia mimi ni nani, na sikumwambia. Shati langu lilikuwa limevaliwa na kijana wake mkubwa na lilimkaa vizuri.

Shangazi alinipokea kwa mikono yote miwili kichwani kama zamani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa anachota pampuni, na wasichana walimpisha zamu. Hakunilaumu kwa lolote. Aliniuliza habari za huko kote, akanisikiliza, akasema nikipata nafasi nipite tena, na nikaona kwamba analisema kama anavyolisema kwa kila mtu apitaye.

Adhana ilipolia nilikwenda msikitini. Ni msikiti mdogo, na wanaume wa pale kila mmoja ana mahali pake pa kusimama tangu siku nyingi, hakuna anayeambiwa. Baba alikuwa akisimama kushoto, karibu na nguzo. Nilikwenda upande huo bila kufikiri. Baba mkwe wa yule mjane alikuwa amekwisha kusimama pale, mzee mwembamba, ameegemeza kiganja kwenye nguzo ili kujisaidia magoti. Aliniona nikisita akataka kunisogezea nafasi. Nikamwashiria asijisumbue. Binamu, katika safu ya mbele, aligeuka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na utani wa kunipa. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, kwenye viatu, walikosimama wafugaji wawili waliokuwa wakipita na fimbo zao, wakanisogezea mkeka, nikaswali pamoja nao.